Mchwa na nyumba ya mama kabla ya masika: dawa ya ardhini, oili chafu au boriti mpya?

MwanaLangoni
Assalaam alaykum jamaa. Masika yanabisha hodi. Mwaka jana mvua ya kwanza tu kumbikumbi walimwagika sebuleni mpaka tukazima taa tukalia chakula uani. Safari hii nataka kuikinga nyumba ya mama hapa Lamu mapema. Watu wa dawa wanataka shilingi 38,000 watoboe sakafu na kumimina dawa kuzunguka kuta. Fundi wa mtaani anasema tupake boriti zote oili chafu. Mjomba naye ameshikilia ating'oe boriti, aweke mpya. Pesa nilizonazo zinatosha jambo moja tu. Nishike lipi?

FundiShela
Wa alaykum salaam. Nyumba ni ya mawe na chokaa au ya matofali ya saruji? Ina kisima? Na hao mchwa umewaona wapi, ukutani au ndani ya mti? Wametokea sakafuni au wameingia dirishani kufuata taa? Hatuwezi kukujibu bila hayo.

Kipungani77
Oili chafu. Baba alipaka nguzo za banda letu na zimesimama mpaka leo. Hizo dawa za madukani ni kuliwa pesa.

BintiMkomani
Kakangu, kabla hujatoa hiyo 38,000 nisikilize. Nyumba yetu ni ya mababu, dari za boriti, kisima kiko uani. Tulikuwa tukifagia chini ya mlango wa chumba cha ndani tunakuta vijipunje vikavu, vidogo kuliko ufuta, kila asubuhi. Tukaita watu wa dawa. Walikuja vijana watatu, hawakugonga boriti hata moja, hawakuuliza kitu. Wakatoboa sakafu kandokando ya kuta, wakamimina dawa, tundu la mwisho likawa hatua nne kutoka kisimani. Siku ya tatu maji yakanuka. Mama akakataza watu wasitawadhie. Tulinunua maji ya mitungi miezi mitano, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyabeba kutoka njiani, maana punda hapiti kichochoro chetu. Na vile vijipunje havikukoma! Baadaye fundi mzee akatueleza kuwa hao ni mchwa wa mbao kavu. Wanaishi ndani ya mti wenyewe, hawana haja ya ardhi, kwa hiyo dawa yote iliyoingia chini haikuwafikia. Mlango aliouchonga babu tukautoa, kizingiti chote kimekuwa unga. Nililia siku ile.

FundiShela
Pole sana dada. Ndiyo maana nauliza. Mchwa wa ardhini hujenga njia za udongo ukutani, kwa sababu hawawezi kukaa bila unyevu. Hao ndio wa dawa ya ardhini, na imiminwe ardhi ikiwa kavu, kwa sababu mvua kubwa ikiikuta haijashika inaisomba. Wa mbao kavu hawajengi njia, wanaacha punje. Wao hudungwa dawa ndani ya mti kwa sindano, au mti usio na rangi unapakwa unga wa boraksi uliokorogwa na maji, mti ukainywa. Oili chafu inakaa juujuu tu, na ikichuruzika inaingia kisimani vilevile.

MzeeBandarini
Sisi zamani tulimwaga dieldrini kwenye msingi, nyumba ikakaa miaka na miaka bila mchwa. Dawa za siku hizi ni maji matupu.

DaktariWaMimea
Mzee wangu, shikamoo. Dieldrini imo kwenye orodha ya sumu zilizopigwa marufuku na mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Stockholm wa 2001. Ile kudumu kwake ndiyo hatari yenyewe, inabaki ardhini na kwenye mafuta ya miili yetu. Dawa za siku hizi kama fipronili na imidaklopridi hazidumu hivyo, lakini zinafanya kazi kwa kuwa mchwa hawazihisi. Wanapita juu yake na kuambukizana sumu. Hata hizo, karibu na kisima mimi sizitaki kabisa.

MzeeBandarini
Marahaba. Sikujua hilo la mafuta ya mwili.

Kipungani77
Na mwarobaini je? Majani yamejaa tele.

DaktariWaMimea
Unawafukuza kidogo. Waliokwisha kuingia hauwaui.

MwanaLangoni
Samahanini, nilikuwa kazini. Nyumba ni ya mawe, ghorofa moja, kisima kipo. Kumbikumbi walitoka kwenye ufa wa sakafu. Leo nimetazama nyuma ya choo, kuna njia ya udongo imepanda hadi kiunoni, na bomba pale linavuja. Halafu chini ya boriti mbili za chumba cha mama kuna punje kama za dada. Nimezigonga kwa mpini wa kisu, moja inalia tupu.

FundiShela
Basi unao wote wawili. Ziba bomba kesho, hilo halina mjadala. Na mama asilale chini ya boriti hiyo, lile dari la mawe na chokaa ni zito.

MjukuuWaSeremala
Mjomba akibadilisha boriti asiweke zege. Kama mko ndani ya mji wa kale ulizeni kwanza Makumbusho ya Taifa, wanaosimamia majumba ya kale. Na achague mkandaa, ule mti wa jamii ya mikoko.

Kipungani77
Mkandaa wa boriti utaupata wapi? Huo ni wa fito na pau, miti myembamba. Boriti ni mkoko au mui.

MjukuuWaSeremala
Babu alitumia mkandaa uliokatwa mwezi ukiwa gizani. Hauliwi.

FundiShela
Nimeukuta umeliwa, mwezi gizani au mbalamwezi. Muhimu ukauke vizuri kabla ya kupanda darini.

BintiMkomani
Vyumba vyetu vyembamba hivi ni kwa sababu ya urefu wa boriti. Mkikata fupi kidogo haifiki ukuta wa pili, pimeni kabla ya kununua.

MwanaLangoni
Chumba cha mama ni dhiraa sita kasoro. Nani anajua mtu wa kijiji cha Matondoni mwenye boriti zilizokauka sasa hivi? Mama nimemhamishia sebuleni, na kule nako ndiko kwenye ule ufa.