Maswali nyeti kwa kishikwambi: je, vijana wa Manzese watajibu kwa uwazi zaidi?

Mwanagenzi:
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa utafiti kuhusu ngono, dawa za kulevya na ukatili wa majumbani miongoni mwa vijana wa Manzese, Dar es Salaam. Nimeshauriwa niachane na usaili wa ana kwa ana, na badala yake kijana asikilize swali lililorekodiwa kwa spika za masikioni, kisha abonyeze jibu mwenyewe kwenye skrini ya kishikwambi. Je, kweli atasema yale ambayo angemficha msaili?

Mzee wa Takwimu:
Mara nyingi ndiyo, ila si kila mara. Katika utafiti wa mwaka 1995 nchini Marekani, wavulana wa miaka 15 hadi 19 waliokiri kuwahi kujamiiana na mwanamume walikuwa asilimia 5.5 kwa kompyuta yenye sauti, na 1.5 tu kwa dodoso la karatasi. Vijijini Malawi mambo hayakunyooka hivyo: wasichana wasioolewa walikiri zaidi mbele ya msaili kwamba wamewahi kujamiiana, lakini waliotaja wapenzi zaidi ya mmoja walikuwa wengi zaidi kwenye kompyuta. Wagawe washiriki kwa bahati nasibu katika njia zote mbili, ulinganishe.

Msaili wa Mitaani:
Mimi naona tatizo kubwa ni mahali. Mashine inamwondoa msaili, lakini haimwondoi mama mwenye nyumba aliyeketi barazani, wala watoto wanaojazana mara tu wanapoona skrini inawaka. Omba darasa tupu siku ya Jumamosi, na uiepuke ofisi ya serikali ya mtaa, kwa maana hakuna atakayekiri kuvuta bangi mlangoni pa mwenyekiti. Skrini isiandike swali. Ioneshe rangi mbili tu, kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, ili hata asiyejua kusoma ajibu na anayechungulia asiambulie kitu. Anza na swali la mazoezi, kama vile iwapo leo amekunywa chai.

Mwanagenzi:
Ahsanteni. Na bajeti ikiwa finyu?

Mzee wa Takwimu:
Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya ulitumia kadi yenye sura mbili, moja ikicheka na nyingine ikilia. Mwanamke alitia alama kuhusu ukatili wa kingono wa utotoni, bila kutamka neno. Kwa swali moja zito, kadi inatosha. Lakini kadi na kishikwambi havioni machozi, kwa hiyo msaili abaki karibu, akiwa na nambari 116 ya msaada kwa watoto na maelekezo ya kufika dawati la jinsia la polisi.