Mawakala wa mamodo Dar mnawapiga watoto wa watu: modo ndo anawalipa nyie, halafu picha zake mnauza

Wakuu habari zenu. Leo naandika nina hasira na sitaificha, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu na kila ukiligusa kwenye magrupu ya fasheni unaambiwa una wivu au umechuja. Mimi ni modo hapa Dar, jukwaani nimepanda, matangazo nimefanya, na wengi wa hii kazi tunajuana.

Wiki hii kuna binti wa mtaani kwetu kaniletea karatasi ya mkataba nimsomee. Ana miaka 19, mrefu, mtoto mpole, alipigiwa simu na wanaojiita ajensi wakamwambia wamemwona Instagram aende ofisini Sinza. Kufika kaambiwa ana nyota, ila kwanza ada ya usajili elfu 50, halafu potifolio, yaani picha za kuombea kazi, lazima apigwe na fotografa wao na si mwingine, laki 2 na nusu, halafu darasa la kutembea na viatu virefu laki moja na nusu. Mama yake anauza chapati asubuhi, kaenda kukopa kwenye kikoba ili mtoto asikose bahati. Kazi yenyewe? Hakuna hata moja iliyotajwa, si shoo, si tangazo, hakuna. Karatasi ni ukurasa mmoja, inasema picha zote ni mali ya kampuni sasa na siku zote na kampuni inaweza kumpa yeyote bila kumuuliza, kila atakachopata wanakata asilimia 40, na akitaka kutoka kabla ya miaka 5 awalipe milioni 3. Upande wao wameahidi nini? Nimesoma nikarudia, hakuna. Na kopi hakupewa, aliipiga na simu kwa kuibia wakati yule dada wa mapokezi kaenda kufuata chenji.

Yaani hapo ndo damu inanichemka. Wakala kazi yake ni kutafuta kazi, modo akilipwa naye anakata kamisheni yake, modo asipopata na yeye hapati, ndo maana anahangaika kupiga simu na kugonga milango ya watu. Sasa ukishamlipa laki 4 na nusu mlangoni ana haja gani ya kukutafutia? Kashamaliza biashara. Akisajili mabinti 20 kwa mwezi hiyo ni milioni 9 bila kuuza hata picha moja kwa mteja, na mwezi ujao anapost tena "kasting, nafasi chache" watoto wanajaa. Hao si mawakala, wanauza ndoto kwa rejareja.

Na msiniambie ndo utaratibu wa dunia. New York kwenyewe, kwenye hela zote zile, wametunga sheria ya wafanyakazi wa mitindo, gavana kasaini Desemba 2024 ikaanza kutumika Juni 2025: wakala haruhusiwi kukata zaidi ya asilimia 20, haruhusiwi kumtoza modo ada wala amana ili amsaini, na mikataba lazima modo apewe kopi. Huku kwetu mtu anakata 40 na kopi anaificha.

Ila wale mnaosema dawa ni kutoka nje nako tulieni kidogo. Mnakumbuka habari za mabinti wa kambi ya Kakuma kule Turkana, Kenya, zilizotoka gazeti la Uingereza 2023? Wakimbizi, wengi wa Sudan Kusini, warefu weusi wazuri, wakachukuliwa kwenda Ulaya kwenye wiki za mitindo, wengine wakarudishwa kambini wakiambiwa wanadaiwa maelfu ya euro. Mkimbizi anayeishi kwa mgao wa chakula! Maana tiketi, viza, chumba wanacholala, hadi kadi za picha, vyote wakala anakulipia kwanza halafu anavikata kwenye malipo yako, kazi zisipokuja unabaki na deni. Modo wetu Flaviana Matata kaenda na katoboa na tunajivunia naye, lakini picha za waliorudi na madeni hakuna anayezipost.

Turudi kwenye picha, maana hili limenikuta mwenyewe. Nilifanya kolabo na mbunifu mmoja, simtaji, tulikubaliana kwa mdomo picha ni za peji yake na yangu basi, hela hakuna kwa sababu wote tunajenga jina. Baadaye niko Kariakoo napita maduka ya vipodozi naona sura yangu ukutani, bango kubwa, nguo imekatwa imebaki shingo na uso, na uso wenyewe wameung'arisha mpaka nimekuwa mweupe pee, pembeni kopo la losheni ya kung'arisha ngozi. Mimi ni mweusi wakuu, mweusi hasa, na sijawahi kupaka mkorogo maishani. Mwenye duka ananiambia picha kainunua "kwa mtu". Mbunifu nikimpigia anasema fotografa, fotografa anasema mbunifu. Shangazi yangu kapita pale kaniuliza kwa huzuni kabisa, mwanangu umeanza lini kujichubua?

Sheria ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na tume yake ipo. Kenya wenzetu mwaka huohuo 2023 mamlaka yao ya data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 za kwao kwa kupost picha ya mteja bila ridhaa yake. Huyo alikuwa mteja tu anakula raha zake, sasa sisi ambao sura ndo mtaji?

Wabunifu najua mtakuja kusema hela hakuna. Naelewa, nguo yako inashindana na mtumba na mzigo wa Guangzhou, na mfanyabiashara wa Kariakoo hana haja na modo, anachukua picha alizotumiwa na kiwanda anapost. Lakini ukumbi umelipia, taa umelipia, MC umelipia, viti vya VIP umeuza, halafu modo aliyekuja fitingi tangu asubuhi akavaa nguo zako mpaka saa 6 usiku unampa elfu 10 ya nauli na soda, na nyuma ya jukwaa anabadilisha nguo hadharani wanaume wenye simu wanapita. Hapo si umaskini, ni dharau. Na yale mambo ya "mdhamini angependa mle naye chakula cha usiku" mnayajua, mnayapanga nyie wenyewe, na anayekataa jina lake halionekani tena kwenye listi. Mafotografa na nyie mnadhulumiwa, malipo yenu yanazungushwa miezi, mnaambiwa mtatagiwa, ila hiyo isiwe sababu ya kuuza sura ya mtu mwingine ili mfidie.

BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, 2014 waliweza kuisimamisha Miss Tanzania nzima, kwa hiyo nguvu wanayo. Waingie kwenye hizi ofisi za Sinza na Kinondoni waulize swali moja tu, mwaka huu mmewalipa mamodo wangapi na risiti ziko wapi.

Jumatatu naenda na yule binti na mama yake kudai hela ya kikoba. Wanasheria mliomo humu, hicho kipengele cha milioni 3 kina nguvu kweli wakati kampuni haijaahidi chochote na kopi haijatoa? Naombeni mniandikie hapa chini kabla ya siku hiyo, na wenye karatasi kama hiyo ziwekeni, ficheni majina yenu tu.