Naomba ushauri: DHT yangu (jedwali la data lililogawanywa kwenye kompyuta nyingi, yaani nodi) inakwama, nibadilishe uelekezaji?

nodi_pweke: Wakuu, salaam. Nina mfumo rika kwa rika unaotumia Kademlia, mbinu ya kutafuta data kwa kuruka nodi hadi nodi: ndoo (orodha za nodi ninazozijua, kwa umbali wa vitambulisho vyao) za nodi 20, maombi 3 kwa mpigo. Hatua ni chache kama nadharia inavyosema, ila baadhi ya utafutaji unakwama sekunde kadhaa. Nataka ndoo zijipange zenyewe: nodi inayojibu haraka iingie, ya polepole itoke. Mnaonaje?

mzee_wa_paketi: Usiguse ndoo kwanza. Pima muda unaishia wapi. Nahisi unawasubiri wafu. Nodi tatu zilizokufa zikishika maombi yako matatu, umesimama. Bamboo, DHT nyingine ya 2004, ilikokotoa muda wa kusubiri kwa kila nodi kutokana na majibu yake ya nyuma, kama inavyofanya TCP, itifaki ya kusafirisha data mtandaoni. Nodi iliyozoea kujibu kwa milisekunde 80, ya nini kuisubiri sekunde mbili?

nodi_pweke: Logi zinakubaliana nawe mkuu. Ajabu, baadhi ya hizo "wafu" zinanitumia maombi!

zuhura_b: Ziko nyuma ya NAT, yaani ruta inayozificha nyuma ya anwani moja ya nje. Zinakufikia, wewe huzifikii. Anayebisha hodi kwako asiingizwe kwenye ndoo hadi nodi nyingine, yenye anwani tofauti, ijaribu kumpigia na kumpata. IPFS, mfumo wa kugawana mafaili rika kwa rika, ilifanya hivyo 2020: asiyefikika anabaki mteja, haelekezi wengine.

kimya_kingi: Mimi napinga hiyo ya kutoa walio polepole. Kademlia inang'ang'ania nodi kongwe makusudi, kwa kuwa iliyokaa muda mrefu ina nafasi kubwa ya kuendelea kukaa. Ukichagua kwa kasi tupu, mshambuliaji mwenye seva za kasi karibu nawe anajaza jedwali lako lote.

zuhura_b: Kweli, ila si kwamba kasi haina kazi. Ndoo za mbali (kwa kitambulisho, si kwa ramani) zina wagombea tele na yeyote kati yao anafaa, kwa hiyo kati ya wakongwe walio hai chagua mwenye kasi. Za karibu na kitambulisho chako hazina hata watu wa kuchagua. Ndiyo maana muda wa hatua za mwisho hautapungua sana hata ukifanyaje.

nodi_pweke: Basi naanza na NAT, halafu muda wa kusubiri. Kasi nitaigusa kwenye ndoo za mbali tu.

mzee_wa_paketi: Na kumzuia huyo mshambuliaji, uweke kikomo cha nodi kwa kila kundi la anwani za IP ndani ya ndoo moja. Hilo usilisubirishe.