Uhandisi: krediti za kutudisko (kutufukuza chuo) zinahesabiwa, tulizotoka nazo diploma zinatupwa. Huu ni uonevu

Wakuu, salamu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, halafu ni ndefu, kwa hiyo asiye na muda apite salama.

Niko mwaka wa pili, uhandisi umeme. Nimeingia kwa stashahada, si kwa kidato cha sita. Chuo sikitaji, bado kimeshika matokeo yangu na mimi bado nayahitaji. Malalamiko yangu ni haya: mahali ambapo krediti zinaweza kunizamisha, zinapigiwa hesabu mpaka nukta ya mwisho. Mahali ambapo zingenibeba, hakuna ofisi inayotaka hata kuziangalia.

Kwa wasioijua njia yetu. Unamaliza kidato cha nne, unakwenda chuo cha ufundi, unapanda NTA 4, 5 na 6, yaani ngazi za mafunzo ya ufundi mpaka stashahada. Miaka mitatu ya karakana, droingi, mashine za umeme, mafunzo ya vitendo viwandani. Kila moduli ina krediti zake, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, karakana na kujisomea. Kwa kawaida mwaka mmoja unabeba krediti 120. Sasa vuka upande wa vyuo vikuu, kwenye mfumo unaosimamiwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu). Krediti moja ni saa ngapi? Saa 10. Mwaka mmoja? 120. Shahada ya miaka minne haipungui 480. Kilo ya Kariakoo na kilo ya Mbagala ni kilo ileile, lakini yangu mimi ikifika getini inageuka kuwa gramu sifuri.

Nilipojiunga nilibeba transkripti yangu mpaka idarani kuomba nisamehewe kozi mbili tatu za mwaka wa kwanza, zile ambazo maudhui yake nimeyasoma neno kwa neno na mtihani nikafaulu vizuri. Sikuomba kuruka mwaka. Sikuomba kupunguziwa hesabu. Niliomba karakana, droingi na misingi ya ufungaji umeme majumbani. Jibu lilitolewa kwa mdomo, bila karatasi: "Programu yetu haina utaratibu huo, wote mnaanza sawa." Nikauliza kifungu gani kinasema hivyo. Nikaambiwa nisome prospektasi. Nimeisoma. Ina sehemu nzima ya kuhamisha krediti, ila ukiisoma vizuri unagundua imeandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka chuo kikuu kimoja kwenda kingine. Mtu wa NTA 6 hatajwi, hakatazwi, haruhusiwi. Yaani hatupo.

Basi tukaanza "sawa". Mimi niliyekuwa fundi sanifu saiti, niliyesimamia vijana wakivuta nyaya kwenye jengo la ghorofa, nikafundishwa kufunga taa moja kwa swichi mbili kwenye ubao. Nikafundishwa kushika tupa. Mkufunzi wa karakana, mtu mstaarabu kabisa, wiki ya pili tu alishatugundua, akawa anatugawa kwenye vikundi vya waliotoka kidato cha sita ili tuwasaidie. Kwa hiyo chuo kilikataa kwamba ninaijua kazi hiyo, kisha kikanitumia kuifundisha bure.

Na hapo kuna wizi mwingine ambao watu hawausemi. Karakana ile ina krediti 4. Krediti 4 ni saa 40. Tulikuwa tunaingia saa 4 kila wiki kwa wiki 15, hiyo ni saa 60, na ripoti hujaandika. Hesabu za uhandisi zina krediti 12. Kwa hiyo A yangu ya karakana, pointi 5 mara 4, inaniletea 20 kwenye kapu la GPA (wastani wa pointi kwa krediti), na mtu aliyepata B ya hesabu, pointi 3 mara 12, ana 36. Sisemi karakana ilingane na hesabu. Nasema kama kipimo ni saa, basi zihesabuni hizo saa.

Tuje kwenye hesabu zenyewe, maana ndiko tunakochinjwa. Waliotoka kidato cha sita na PCM (fizikia, kemia, hesabu) wana miaka miwili ya Advansi, yaani hesabu za kidato cha tano na sita. Sisi hesabu tumesoma, lakini zimepangwa kumtumikia fundi: unajua kutumia namba changamano kutafuta mkondo kwenye saketi ya AC, ila hujawahi kukaa na uthibitisho hata mmoja wa limiti. Wiki ya kwanza mhadhiri anafungua slaidi: "Hii mlishaiona six, tunapita." Slaidi inayofuata: "Hii pia." Ukumbi wa watu mia na kitu, sisi wa diploma tunaangaliana. Ukinyoosha mkono unaambiwa uje ofisini, ukienda ofisini hayupo, yuko kwenye mradi.

Na idara inajua. Kila mwaka orodha ya sapu (mitihani ya marudio) za hesabu ikibandikwa majina yetu yamo kwa wingi, na kila mwaka wanatikisa kichwa kwamba "vijana wa diploma hesabu zinawasumbua". Kama mnajua, mmefanya nini? Zile saa 60 za kushika tupa zingetosha kabisa kuwa darasa la kutuvusha kwenye hesabu. Tusamehewe tunachokijua, muda huo tufundishwe tusichokijua. Hili halihitaji bajeti, linahitaji ratiba na mtu mmoja mwenye nia njema.

Sasa sheria za mtihani. Kosiweki (kazi za muhula) 40, UE (mtihani wa mwisho) 60. Kwetu usipofikisha 16 kwenye ile 40 huingii chumba cha mtihani. Kufaulu ni 40, ambayo ni C. Ukishindwa unakula sapu, na sapu inafanywa mwisho wa mwaka, miezi kadhaa baada ya kozi kuisha. Yote hayo nayakubali, chuo si chekechea. Nisichokubali ni kwamba ukifaulu sapu, hata ukipata 72, kinachoandikwa ni C.

Tupige hesabu pamoja. Chukua muhula wa krediti 60. Kozi ya hesabu 12, zilizobaki 48 na zote umepata B ya pointi 3. Hizo ni 144. Hesabu ukapata E, pointi sifuri: 144 gawa kwa 60 ni 2.4. Ukaenda likizo ukapiga msuli, ukarudi kwenye sapu ukapata 72, ambayo kwa mwenzako aliyekaa mwanzoni ni A. Wewe unapewa pointi 2: 168 gawa kwa 60, unapata 2.8. Ungepewa ulichokifanyia kazi ingekuwa 204 gawa kwa 60, yaani 3.4. Pointi 0.6 za GPA zimeyeyuka ndani ya kozi moja, na haziyeyuki kwa sababu hujui hesabu. Unazijua, karatasi ya mtihani imethibitisha. Zimeyeyuka kwa sababu umechelewa kuzijua, na umechelewa kwa sababu ulikuwa karakana unafundishwa kazi yako mwenyewe.

Wahadhiri wanasema C ile ni haki kwa waliofaulu mara ya kwanza. Sawa, naelewa. Basi wekeni dari hata B. Au andikeni kwenye transkripti kwamba ni sapu, mwajiri aamue mwenyewe. Upper second (daraja la pili la juu la shahada) inaanzia GPA 3.5 na matangazo mengi ya kazi nzuri yanaanzia hapohapo. Mwajiri haoni kwamba C ile ilikuwa 72. Anaona C.

Halafu kuna kisu chenyewe: GPA ikishuka chini ya 1.8 kabla ya sapu, unadisko. Hupewi hata hiyo sapu. Tulikuwa na jamaa mmoja, mtu wa diploma kama mimi, mkimya, mkono wake kwenye paneli za fezi tatu ulikuwa hauna mpinzani darasani. Hesabu ilimwangusha, na kozi nyingine mbili zenye hesabu ndani yake zikamwangusha kwa sababu ileile. Krediti za kozi hizo ni nzito, A zake za karakana na droingi ni nyepesi. Akaanguka chini ya mstari kwa kitu kidogo sana. Amerudi saiti. Hapo ndipo krediti zilipohesabiwa kwa uaminifu mkubwa! Zilizomtoa zilihesabiwa zote. Zile za miaka mitatu ya stashahada hazikuwahi kuingizwa kwenye mfumo.

Kuhusu bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) sitasema sana, kila mtu analijua. Bodi ya Mikopo inamtaka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu kwenda mwaka unaofuata, na matokeo yakichelewa kufika huko, huku mama ntilie hachelewi kudai. Ukirudia mwaka ujue unajisomesha.

Kwenye udahili ndiko kuna kichekesho. Kiwango cha chini kwa kidato cha sita ni principal mbili (masomo mawili makuu uliyofaulu) zenye jumla ya pointi 4, na kwa kuwa D ni pointi 2, D mbili zinatosha kuvuka mstari huo. Sisi tunadaiwa GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Tena kule NTA 6 alama ya A inaanzia 75, ukipata 70 ni B+, wakati hapa chuoni kwetu 70 ni A. Kwa hiyo nimepimwa kwa rula kali zaidi ili niingie, na nikishaingia yule wa D ya Advansi ndiye anayeambiwa "hii mlishaiona". Simdharau, yeye mwenyewe slaidi zile hazielewi, tunakaa naye benchi moja kwenye sapu. Ninachosema ni kwamba mfumo unamkadiria yeye kuwa anajua asichokijua, na mimi kuwa sijui ninachokijua.

Na huku nje vyuo vya ufundi vinapigiwa debe kila kona. Kuanzia 2023/2024 hata mikopo ya stashahada imeanza kutolewa kwa fani za kipaumbele, uhandisi ukiwemo. Vizuri, nafurahi kwa wadogo zetu. Ila mwambieni dogo ukweli wote. Miaka 3 ya stashahada, 4 ya shahada bila kupunguziwa hata kozi moja, kisha akajisajili ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) kama mhandisi mhitimu na kuingia SEAP, mafunzo kazini ya wahandisi wahitimu, miaka 3 kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Hiyo ni miaka 10 kutoka kidato cha nne, na hajarudia mwaka. Aliyepita kidato cha sita anatumia 9. Yaani dogo aliyeshika spana mapema ndiye anayefika wa mwisho.

Ninachotaka kiko wazi. Idara ikae chini na mtaala wa NTA 6, ilinganishe kozi kwa kozi, itoe orodha iliyoandikwa: hizi anasamehewa mwenye B na kuendelea, hizi hapana. Asiyeridhika apewe mtihani wa kujipima, akifeli akae darasani na wenzake. Hesabu ziwe na muhula wa kuvusha kwa wote wanaouhitaji, wa diploma na wa D mbili. Na maombi yajibiwe kwa barua, yenye kifungu na sahihi, siyo mdomoni mlangoni.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Aliyeandika "kama unajua sana mbona ulikula sapu" arudi asome tena, nimeshasema hesabu sikuomba kusamehewa. Aliyeandika kwamba mhandisi ni hesabu, karakana ni ya mafundi, nakuombea siku moja upewe saiti yenye transfoma iliyowaka na vijana kumi wanakuangalia wewe utoe amri. Mkuu uliyesema wa zamani wenye FTC (cheti cha zamani cha fundi sanifu) walipita palepale na hawakulia, inawezekana, shikamoo yako, lakini kuvumilia kwenu hakuifanyi kanuni kuwa sahihi.

Kuna mmoja ameniandikia pembeni kwamba chuoni kwao walisamehewa kozi mbili za mwaka wa kwanza baada ya kuandika barua kupitia kwa mkuu wa idara, ikapanda mpaka Seneti. Kama na wewe umepata kitu cha namna hiyo, weka hapa: kozi gani, ilikuwa na krediti ngapi, na nani alisaini. Majina ya watu msiweke. Barua yangu ya pili iko mezani kwa mkuu wa kitivo, na safari hii nataka nikiitwa niingie na mfano mkononi.