Mafundi wa Dodoma, acheni kuziba mipira ya vakyumu kisha kutuambia gia boksi imekufa

Ndugu wadau, naandika nikiwa na hasira. Gereji inayohusika sitaitaja jina, kwa kuwa nataka tujadili tabia yenyewe, nayo naamini imeshawakuta wengi wenye magari ya zamani hapa mjini.

Gari ni Mercedes-Benz 250D, lile umbo la W124, lenye gia boksi ya otomatiki ya gia nne isiyoongozwa na kompyuta. Nililipeleka gereji kwa tatizo dogo tu: nikizima swichi, injini iliendelea kunguruma kidogo ndipo izimike. Dizeli hii huzimwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kuvuta hewa inayopita kwenye mipira, kwa hiyo vakyumu ikivuja mahali popote, kile kizimio cha kwenye pampu ya dizeli hukosa nguvu ya kukata mafuta. Kilichotakiwa ni kufuata mipira mmoja baada ya mwingine hadi upatikane unaovuja. Fundi aliona hiyo ni kazi ndefu, akaukata mpira mwembamba unaoshuka kwenye gia boksi, akauziba kwa skrubu, injini ikazimika vizuri, akapokea hela yake.

Tangu hapo gari likawa linachelewa kubadili gia, na kila likibadili linashtuka kana kwamba limegongwa kwa nyuma. Niliporudi nikajibiwa, bila hata boneti kufunguliwa, “Mzee, hii gia boksi imekufa. Dar ipo ya mtumba, tukuagizie?”

Haikuwa imekufa. Ubavuni mwa gia boksi hiyo kuna kifaa kinachoitwa modyuleta, ambacho ndani yake mna kiwambo kinachovutwa na vakyumu, na kazi yake ni kuieleza gia boksi injini imebeba mzigo kiasi gani. Injini ya petroli huipata vakyumu hiyo kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini. Dizeli haina mahali pa namna hiyo, kwa hiyo imewekewa pampu yake mbele ya injini. Mpira mkubwa unakwenda kwenye busta ya breki, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu unapokanyaga breki, na kutoka hapo linachepuka tawi dogo linalopita kwenye valvu iliyofungwa kwenye pampu ya dizeli kabla ya kufika kwenye modyuleta. Ukiwa kwenye sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, vakyumu ni nyingi na gia huingia kwa ulaini. Ukikanyaga mafuta, valvu inaipunguza, presha ndani ya gia boksi inapanda na pleti za klachi zinabanwa kwa nguvu. Ukiuziba mpira huo, gia boksi huamini kwamba muda wote umekanyaga mafuta hadi mwisho, nayo inabamiza gia kama ilivyoundwa kufanya.

Nililisema hilo kwa upole. Wakakubali kuurudisha mpira, na hapo ndipo walipoharibu kabisa. Badala ya kuupitisha kwenye valvu, waliuunganisha moja kwa moja na mpira mkubwa wa breki, tena kwa kutumia mpira laini wa maji ya waipa, na kile kiungio cha plastiki chenye tundu dogo la kupunguza mvuto wakakitupa. Gia zikawa laini mno, nao wakafurahi. Vakyumu iliyojaa muda wote maana yake ni presha ndogo muda wote, kwa hiyo nilipopakia mizigo kwenda Manyoni na kuanza kupanda ule ukingo wa bonde la ufa baada ya Bahi, injini ilinguruma na gari halikusogea ipasavyo. Pleti zilikuwa zinateleza na kuungua. Isitoshe, bila lile tundu dogo, mpira wa gia boksi ukipasuka, busta ya breki nayo inapoteza vakyumu. Huo ni mchezo wa hatari!

Geji ya vakyumu waliitoa baada ya mimi kugombana nao, wakasoma namba, wakasema pampu ya vakyumu nayo imechoka kwa sababu haifikii kipimo walichokiona kwenye video. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, kipimo kinashuka karibu inchi moja ya zebaki, ambayo ndiyo kizio cha kupimia vakyumu. Pampu nzima kabisa itasoma hapa pungufu ya Dar kwa inchi tatu hadi nne. Walitaka kuniuzia pampu kwa kosa la mwinuko wa mji.

Naelewa kwamba wamezoea Toyota, ambazo nyingi za zamani hutumia waya unaotoka kwenye eksileta badala ya vakyumu. Benzi hii inao waya pia, lakini wenyewe huamua gia ibadilike kwenye mwendo gani, na suala la ukali wa kubadilika ni la modyuleta. Asiyelijua hilo aseme hajui, mteja hatamdharau.

Ninachodai kwao ni gharama ya pleti na ufundi wa kuzibadilisha, na barua yangu wanayo. Kwenu wadau, mwenye W124 ya dizeli ambayo mipira yake haijawahi kuguswa naomba aweke hapa picha ya upande wa pampu ya dizeli, ionyeshe kila mpira unapoingia na rangi yake. Kama kuna anayejua duka linalouza kile kiungio chenye tundu dogo, iwe hapa, Morogoro au Dar, aniambie.