Umeme ukikatika katikati ya kupima korosho: jumla ya ghala na stakabadhi hazilingani

mpimaji_tandahimba

Ndugu zangu, salaam. Ninasimamia programu ndogo ya kupokelea korosho ghafi katika chama cha msingi kimoja wilayani Tandahimba. Mkulima akifika na mzigo wake, karani hupima, programu huandika stakabadhi yenye jina, daraja na kilo, kisha huongeza kilo hizo kwenye jumla ya ghala, na mwisho printa hutoa karatasi ambayo mkulima huondoka nayo akisubiri mnada. Kanzidata ni MySQL iliyowekwa kwenye kompyuta moja ofisini, na mizani ziko mbili, kila moja na karani wake.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nne asubuhi foleni ikiwa ndefu. Uliporudi, jumla ya ghala ilikuwa pungufu ya jumla ya stakabadhi kwa kilo 236, sawasawa na mzigo wa mkulima wa mwisho kupimwa. Baada ya hapo nilizungushia hatua zote amri za BEGIN (anza) na COMMIT (thibitisha) kama inavyoelekezwa, nikajaribu kwa kuchomoa waya wa kompyuta katikati ya kazi, na matokeo yakawa yale yale: stakabadhi ipo, jumla haijaongezeka. Tena, hata siku ambazo umeme haukatiki kabisa jumla hupungua kwa mzigo mmoja au miwili, na mara moja tumekuta stakabadhi mbili zenye namba moja mikononi mwa wakulima wawili. Mkulima hana ushahidi mwingine wa mali yake zaidi ya karatasi ile, nami sitaki siku ya malipo mtu aambiwe kwamba kilo zake hazionekani. Naomba mwongozo.

fundi_wa_masasi

Ndugu, pole kwa kazi. Umeleta matatizo mawili kwa pamoja, na dawa zake ni tofauti. Wataalamu wa kanzidata Theo Härder na Andreas Reuter walipozikusanya sifa za muamala (kundi la hatua zinazohesabiwa kama kazi moja) mwaka 1983 katika herufi nne za ACID, walitenganisha A, yaani muamala ufanyike wote au usifanyike kabisa, na I, yaani miamala inayokwenda kwa wakati mmoja isiharibiane. Kukatika kwa umeme ni suala la A. Mizani mbili ni suala la I. Mimi nitasema juu ya la kwanza.

Endesha amri ya SHOW TABLE STATUS, kisha tazama safu ya Engine, yaani injini inayohifadhi jedwali. Nina shaka kubwa kwamba utakuta neno MyISAM angalau kwenye jedwali moja. MyISAM haijui miamala: ukiiandikia BEGIN haikatai, haitoi onyo, na kila amri inayofuata huandikwa papo hapo kana kwamba hukusema lolote. InnoDB, ambayo inajua miamala, ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.5 lililotoka mwaka 2010, lakini majedwali yaliyoundwa kabla ya hapo, au yaliyoundwa kwa maelekezo ya zamani yanayotaja MyISAM kwa jina, hubaki yalivyo hata ukipandisha toleo. Ni hatari kubwa, kwa sababu programu inaonekana imekamilika na kinga haipo.

Chukua nakala ya akiba kwanza, kisha wakati ambapo hakuna anayepima endesha ALTER TABLE ghala ENGINE=InnoDB, na vivyo hivyo kwa majedwali mengine yote yanayoguswa na muamala huo. Usibadilishe moja ukaacha jingine, kwani jedwali lililobaki nyuma halitatanguliwa (halitarudishwa lilivyokuwa) pamoja na mengine. Baada ya hapo InnoDB itakuwa inaandika kila badiliko kwenye daftari lake diskini kabla ya kuligusa jedwali lenyewe, na kompyuta ikiwashwa baada ya kuzimika ghafla italisoma daftari hilo, iyarudie mabadiliko yaliyokwisha kuthibitishwa kwa COMMIT, na kuyatangua yale yaliyokatizwa njiani.

data_nachingwea

Naendelea na la pili, kwa kuwa ndilo linalokula kilo zako bila kelele. Chukua mfano jumla ya ghala ni kilo 18,400. Karani wa kwanza ana mzigo wa kilo 120. Programu yake inasoma 18,400. Kabla hajaandika, karani wa pili mwenye kilo 95 naye anasoma 18,400. Wa kwanza anaandika 18,520, wa pili anaandika 18,495 juu yake. Kilo 120 zimepotea, na hakuna kosa lolote lililoonyeshwa kwenye kioo. Namba ya stakabadhi inayojirudia ni ugonjwa huo huo: wote wawili walisoma namba ya mwisho, wote wakaongeza moja.

Kuhamia InnoDB peke yake hakutalimaliza hili. Kiwango chake cha kawaida cha utengano, REPEATABLE READ, humpa kila mmoja picha ya data ya tangu alipoanza kusoma, na usomaji wa SELECT (amri ya kusoma) ya kawaida haufungi kitu, yaani haumzuii mwingine. Kwa jumla ya ghala, acha kusoma kisha kuandika; iachie kanzidata ihesabu yenyewe kwa UPDATE ghala SET kilo = kilo + 120, amri ambayo hufunga mstari huo hadi COMMIT. Kwa namba ya stakabadhi, tenga mstari mmoja wa kuhifadhi namba ya mwisho, usome kwa SELECT ... FOR UPDATE (husoma na kufunga kwa pamoja) ndani ya muamala ule ule, na uweke sharti la UNIQUE (isijirudie) kwenye safu ya namba ili hata programu ikikosea kanzidata ikatae. Wapo watakaokushauri AUTO_INCREMENT, yaani kanzidata iongeze namba yenyewe. Ni nyepesi, lakini muamala ukitanguliwa namba huruka, na mkaguzi atataka kujua stakabadhi iliyorukwa iko wapi. Makarani wawili kusubiriana kwa sehemu ya sekunde ni gharama ndogo.

Funga mistari kwa mpangilio mmoja daima, kwa mfano ghala kwanza, namba baadaye, hata kwenye sehemu ya programu inayofuta stakabadhi. Mpangilio ukipishana, kila mmoja atashika kufuli analolihitaji mwenzake. InnoDB huugundua mkwamo huo na kuutangua muamala mmoja wote kwa kosa namba 1213. Kosa namba 1205 ni jingine, nalo wengi hawalijui vizuri: hutokea mtu akisubiri kufuli kwa sekunde 50, na kwa mipangilio ya kawaida hutangua amri ya mwisho tu, si muamala mzima. Programu ikiendelea mbele na kutoa COMMIT, unarudi kwenye nusu ya kazi ile ile unayoikimbia. Kwa makosa yote mawili, toa ROLLBACK (tangua yote) wewe mwenyewe kisha uanze muamala upya tangu mwanzo.

mpimaji_tandahimba

Nawashukuru sana. Jedwali la stakabadhi lilikuwa MyISAM, mengine InnoDB. Nimelibadilisha, na nikichomoa waya sasa stakabadhi isiyokamilika haionekani tena. Yamebaki maswali mawili. Kuchapisha karatasi kukae ndani ya muamala au nje? Na je, kuna haja gani ya kuhifadhi jumla ya ghala wakati inaweza kupatikana kwa kujumlisha stakabadhi?

lindi_mjini

Kuchapisha kukae nje, baada ya COMMIT. Karatasi iliyokwisha toka haitanguliki, na tena printa ikiishiwa karatasi muamala ukiwa wazi, kufuli litabaki limeshikwa na mizani ya pili itasimama. Ongeza safu ya kuonyesha kama stakabadhi imechapishwa, ili zile zilizothibitishwa bila kuchapishwa zitafutwe umeme ukirudi.

Kuna pengo jingine hapo. Mawasiliano na seva yakikatika wakati wa COMMIT yenyewe, kompyuta ya karani haijui kama kazi ilithibitishwa au la. Akirudia, mkulima anaweza kuandikiwa mara mbili. Asiporudia, anaweza asiandikwe kabisa. Basi programu itengeneze namba ya ombi mara mzigo unapowekwa kwenye mizani, iihifadhi kwenye kompyuta ya karani, na ihifadhiwe pamoja na stakabadhi chini ya sharti la UNIQUE. Karani akirudia kwa namba ile ile, ama stakabadhi itaandikwa kwa mara ya kwanza, ama itakataliwa kwa kuwa ipo na programu itaisoma ile iliyopo na kuichapisha.

Hakikisha pia kwamba mpangilio wa innodb_flush_log_at_trx_commit ni 1, ili daftari lishushwe diskini kila COMMIT. Wapo wanaoiweka 2 ili kuongeza kasi, lakini hapo daftari hushushwa diskini takriban mara moja kwa sekunde, na umeme ukikatika miamala ya sekunde hiyo inaweza kupotea ilhali karatasi zimeshatoka.

data_nachingwea

Kuhusu jumla, kwa stakabadhi za msimu mmoja za chama kimoja, SUM (amri ya kujumlisha) itakuwa ya haraka, na ningependa uifanye ndiyo kauli ya mwisho. Hata hivyo mstari wa ghala usiufute. Ikiwa programu hukagua kwamba ghala halijajaa kabla ya kupokea mzigo, makarani wawili wanaweza kujumlisha kwa wakati mmoja, kila mmoja akaona nafasi ipo, na mizigo yote miwili ikaingia. Ufunge mstari huo kwa FOR UPDATE ukiwa ndiyo usomaji wa kwanza wa muamala, kabla ya SELECT nyingine yoyote, kisha ndipo ujumlishe.

Kwa tofauti za zamani, usiirekebishe namba ya jumla kimyakimya. Linganisha kila stakabadhi na kitabu cha mizani, kisha andika marekebisho kama mistari mipya yenye tarehe, kilo na sababu, meneja na mwenyekiti wakiwapo. Zile stakabadhi mbili zenye namba moja zishughulikiwe kwanza, kabla ya mnada ujao: wakulima wote wawili waitwe, na mmoja apewe namba mpya kwa maandishi.