PAYE (kodi ya mshahara) imeshuka na mshahara nao umeshuka, hii hesabu ikoje jamani?

Mama_Kisauni
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Mwenzenu nafanya kazi ofisi ya godauni hapa Shimanzi, Mombasa, mshahara wangu ni 50,000 kabla ya makato na haujaongezwa hata shilingi tangu 2022, hiyo tuiache leo. Juzi nikawa natafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ndani ya kitabu chake cha kliniki nikakuta peislipu yangu ya Novemba 2022 imekunjwa mara nne. Nikaitandaza kitandani kando ya hii ya Julai 2025, na ndo usingizi ukanipaa.

Ile ya zamani: NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya) 1,200, PAYE 7,143, mkononi 41,456.
Hii ya sasa: NSSF 3,000, SHIF (bima mpya ya afya) 1,375, nyumba (makato ya nyumba za bei nafuu) 750, PAYE 6,483, mkononi 38,391.

Sasa swali langu, kodi yenyewe imepungua, tena naiona kwa macho yangu, vipi mimi nimepungukiwa na elfu tatu na ushei? Nimemuuliza kijana wa HR akanambia "ni sheria mpya mama" akarudi kwa simu yake. Sheria gani? Nielezeni pole pole mie si mtu wa hesabu.

Soja_wa_Geti
Nangoja majibu hapa hapa, na mimi nataka kujua.

Hesabu_Haidanganyi
Dada pole, ila usiziweke zote kapu moja, kodi ni PAYE peke yake, hayo mengine ni makato ya sheria na kila moja lina historia yake.

NSSF ndo iliyokula zaidi. Ile 200 tulikatwa miaka nenda miaka rudi, sheria mpya ilipitishwa 2013 ikakwama kortini mpaka Februari 2023 ikaanza kwa awamu. Unakatwa asilimia 6 ya mshahara lakini kuna kikomo, mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa 18,000, 2024 kikawa 36,000 (hapo ulikuwa ukitoa 2,160), Februari 2025 kikapanda 72,000 na kwa sababu wewe wapata 50,000 basi yote imeingia ndani, asilimia 6 ndo hiyo 3,000.

Nyumba ni asilimia 1.5. Ilianza Julai 2023, mahakama ikaitupa, ikapumzika kidogo mwanzo wa 2024, wabunge wakairudisha Machi kwa sheria yake yenyewe. SHIF ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asilimia 2.75 na haina kikomo cha juu, kwa hivyo wewe umeongezwa 175 tu, walioumia ni wa mishahara ya laki na kuendelea.

Sasa kwa nini PAYE imeshuka. Ni kwamba kodi haipigwi kwa 50,000 yote, kwanza wanaondoa NSSF halafu kinachobaki ndo kinatozwa: 24,000 za mwanzo asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zilobaki asilimia 30 (kwako wewe inaishia hapo), halafu unapunguziwa 2,400 ambayo kila mtu anapata. NSSF ikipanda, kinachotozwa kinapungua, kodi inashuka. Hakuna aliyekuhurumia ni hesabu tu.

LAKINI ngoja. Tangu mwisho wa Disemba 2024 sheria ilibadilishwa tena, SHIF na pesa ya nyumba nazo zinatolewa kabla ya kodi kupigwa, zamani ilikuwa unapewa nafuu ndogo ya asilimia 15 ya hayo makato, sasa nafuu imeondolewa na badala yake yanatolewa yote. Kwa hivyo wewe unatakiwa utozwe kodi kwa 50,000 toa 3,000 toa 1,375 toa 750, ambayo ni 44,875. Nimepiga mara mbili kwa kalkuleta ya simu, PAYE inakuja 5,846 sio 6,483. Mkononi ulitakiwa upate 39,029.

Hebu nitazamie, kwa hiyo peislipu kuna mstari umeandikwa mshahara unaotozwa kodi? Unasema ngapi?

Mama_Kisauni
Subiri nichukue miwani.
Imeandikwa 47,000.

Hesabu_Haidanganyi
Ndo hapo. Wametoa NSSF peke yake wakasahau hizo mbili. Unakatwa 637.50 zaidi kila mwezi, na kama ni tangu Januari basi mpaka Julai ni miezi saba, 4,462.50. Mara nyingi si wizi, ni sistimu haikuguswa, kampuni nyingi ndogo zinatumia faili ya Excel iliyotengenezwa na mtu ashaondoka zamani.

Babu_Reli
Mie nataka kusema kitu kuhusu NSSF kwa sababu naona vijana mwailia kama mmeibiwa. Nimestaafu baada ya kukatwa zile mia mbili mbili miaka mingi, mwajiri naye anaweka mia mbili, nilipoenda kuchukua changu wallahi niliona haya hata kumwambia bibi yangu ni ngapi. Nilinunua mabati na mbuzi wawili. Huyu mama sasa anatoa elfu tatu na mwajiri anamuongezea elfu tatu nyingine zisizoonekana kwa hiyo peislipu, ni elfu sita kwa mwezi na jina lake liko juu. Makato ya nyumba na SHIF zungumzeni, mna haki, lakini NSSF ni yenu wenyewe.

Likoni_Feri
Babu shikamoo, kwa heshima yako yote, duka la hapa mtaani haliuzi unga kwa peislipu ya uzeeni 😂 karo ni mwezi huu, kodi ya landilodi ni tarehe tano, mimi huyo mzee wa kesho nitamlisha na nini kama wa leo amekufa njaa. Na kingine, mwajiri akiongezewa mzigo wa elfu tatu kwa kila mtu unadhani hiyo nyongeza ya mshahara itatoka wapi? Ndo hiyo mama anangoja tangu 2022.

Babu_Reli
Marahaba mwanangu. Hilo la nyongeza umesema kweli, sina jibu.

Hesabu_Haidanganyi
Nimejaribu kupiga kama NSSF ingebaki 200 na mengine yote yawe kama sheria ya sasa inavyotaka, mama angepata 40,989 mkononi. Yaani kama 470 tu chini ya ile ya 2022. Kwa hivyo kilichomshusha zaidi ni akiba na si kodi, ila Likoni_Feri naye ana haki, akiba usiyoweza kuigusa na shida iko mlangoni haina ladha.

Soja_wa_Geti
Sasa mimi. Napata 22,000. Nifanyiwe hiyo ya kutoa kabla ya kodi na mimi kodi yangu ishuke.

Hesabu_Haidanganyi
Ndugu yangu hapo ndo pabaya. Chini ya 24,000 wewe hulipi PAYE kabisa, kodi yako hata kabla ya kutoa chochote ni 2,200 na ile nafuu ya 2,400 inaimaliza yote, sasa ukitolewa SHIF na nyumba kabla ya kodi unapunguziwa nini? Sifuri toa kitu ni sifuri. Zamani ulikuwa unatoa NSSF 200 na NHIF 750, jumla 950. Sasa ni NSSF 1,320, SHIF 605, nyumba 330, jumla 2,255. Kutoka 21,050 umeshuka mpaka 19,745. Haya mabadiliko ya Disemba yalimfaa anayelipa kodi, na kadiri anavyopata nyingi ndo yalivyomfaa zaidi, mtu wa geti hayakumgusa.

Soja_wa_Geti
19,745 ndo naingiziwa kweli, hujakosea hata shilingi. Basi sawa.

Mama_Kisauni
Na mimi hizo 4,462 nitazipata vipi, ama ndo zishaenda?

Hesabu_Haidanganyi
Hazijaenda. Nenda kwa HR na hiyo peislipu, usiende na kelele, mwambie tu "nionyeshe mshahara unaotozwa kodi umeupataje". Tena kuanzia Julai mosi 2025 Sheria ya Fedha imesema wazi mwajiri lazima atumie kila nafuu na kila punguzo linalomhusu mfanyakazi kabla ya kukata PAYE, hana pa kukimbilia. Mwaka haujaisha kwa hivyo wanaweza kurekebisha kwenye mshahara unaofuata. Wakikataa, subiri fomu ya P9 mwakani (ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka mzima), ukijaza ritani kwa mtandao wa iTax kabla ya 30 Juni itaonekana umelipa zaidi na unaomba KRA, watu wa kodi, wakurudishie, japo hapo uwe na subira ya mvuvi. Ila ukiipata hiyo P9 linganisha kodi iliyoandikwa na ile ya peislipu zako, zisipofanana hapo sasa ndo kelele.

Mama_Kisauni
Nimerudi kuwapa habari, samahani nilipotea. Nilienda na peislipu zote mbili, kijana akafungua kompyuta akanyamaza muda mrefu, akaita mwenzake, wakanyamaza wawili. Fomula ya mshahara unaotozwa kodi haikuguswa tangu Novemba 2024. Tuko watu 34 na wengi wetu ni hivyo hivyo, dereva wa foklifti ambaye mshahara wake ni mkubwa kuliko wangu yake imezidi yangu, na ashakopa SACCO mara mbili mwaka huu kujazia. Mshahara wa Agosti niliingiziwa 43,491, hiyo ni 39,029 yangu na ile ya nyuma yote. Hesabu Mungu akujaze kheri, sasa foleni iko mezani kwangu, kila mtu na peislipu yake mkononi na mie ndo nilisema si mtu wa hesabu.